Kuvuka nyanda za Castilla kwa baiskeli: Alar del Rey hadi Valladolid kwa siku tano

Ukitazama ramani ya Uhispania, kati ya Burgos, León na Valladolid utaona eneo pana lisilo na mlima wa maana. Wengi hujipangia kilomita 100 kwa siku hapo, wakaanza kujuta ifikapo saa saba mchana. Nyanda hizi ziko mita 700 hadi 850 juu ya usawa wa bahari, na kinachomchosha mtu ni upepo usio na cha kuuzuia, jua lisilo na kivuli, tope linalonata kama ulimbo, na duka la pekee la kijiji lililofungwa nusu saa kabla hujafika. Panga kilomita 50 hadi 65 kwa siku. Angalia kwanza vijiji vyenye maji na chakula, kilomita zihesabiwe baadaye.

Njia inayoelezwa hapa ni ya takriban kilomita 265: Alar del Rey, Frómista, Palencia, Medina de Rioseco, Tordesillas, Valladolid. Siku tatu za kwanza unafuata Canal de Castilla, mfereji wa kilomita 207 ulioanza kuchimbwa mwaka 1753 na kukamilika 1849 ili mashua zibebe ngano na unga kuelekea kaskazini, safari ya kwenda bandari ya Santander. Bahari yenyewe mfereji haukuifikia, na reli ilipokuja ikaupokonya kazi. Iliyobaki ni njia ya ukingoni walimopita nyumbu wakivuta mashua kwa kamba, na hiyo ndiyo barabara yako. Haina magari, na sehemu nyingi ina mistari ya miti ya popla. Anzia kaskazini: maji yanateremka taratibu kwenda kusini, nawe unateremka nayo, na kazi ya kukupandisha inafanywa na treni.

Msimu na saa

Wenyeji wana msemo kwamba kwao kuna miezi tisa ya baridi na mitatu ya jehanamu. Miezi ya kwenda ni katikati ya Aprili hadi katikati ya Juni, kisha Septemba hadi katikati ya Oktoba. Mei ngano ni ya kijani na mvua bado ipo. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na mashine za kuvuna hujaza vumbi barabarani.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Mabango ya kule yataandika 14:00 kwa saa nane mchana. Jambo la kumzubaisha aliyezoea siku ya Afrika Mashariki ni kwamba mwezi Juni jua huchomoza karibu saa 12:45 asubuhi na kuzama karibu saa nne usiku. Mchana ni mrefu mno, lakini saa nzuri za kuendesha ni chache. Ondoka mwanga unapotoka, kwa sababu upepo mara nyingi hulala asubuhi na kuamka kuanzia saa tano. Ifikapo saa nane uwe umefika, au uwe umekaa mezani.

Baiskeli na mzigo

Baiskeli yoyote yenye nafasi ya tairi la milimita 40 inafaa. Tairi la 35 ndilo la chini kabisa. La 28 litapita, ila mikono itakufa ganzi kwenye kokoto kabla ya Herrera, kilomita ya 11 tu. Kwa mtu wa kilo 80 mwenye mzigo wa kilo 12 na tairi la 40, jaza psi 35 hadi 40 mbele na 40 hadi 45 nyuma. Ukijaza zaidi kwa kudhani utakwenda kasi, baiskeli itarukaruka na spoki za nyuma zitaanza kukatika.

Gia ndogo unazihitaji hata hapa tambarare. Kupambana na upepo wa mbele kwa saa tatu kunamaliza magoti kama mlima. Meno 38 au 40 mbele, na sahani kubwa ya nyuma yenye meno 36 au zaidi, yanatosha. Madigadi yawe na nafasi ya kutosha kidole kimoja juu ya tairi. Yakibana zaidi ya hapo, yavue uyaache nyumbani. Sababu utaiona kwenye habari ya tope.

Mzigo usipite kilo 12. Weka vizito chini kabisa ya mifuko ya keria, na usukani ubebe vyepesi tu. Keria nyingi hushikwa na boliti nne za M5, na mtikisiko wa njia ya mfereji huzilegeza bila kelele. Paka gundi ya kuzuia nati kulegea kabla ya safari, kisha kila asubuhi pitisha spana ya L kwenye zote nne. Ukipoteza moja njiani, chomoa ya kishikio cha chupa: ni ya M5 pia.

Vya kubeba: tyubu mbili, viraka na solesheni, vijiko vya kutolea tairi, pampu, spana za L za 4, 5 na 6, kiungo cha haraka cha cheni kinacholingana na idadi ya gia zako, waya mmoja wa gia, spoki mbili za urefu wako, na kile kipande cha alumini kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma. Kipande hicho ni cha modeli yako peke yake. Baiskeli ikianguka upande wa cheni kikapinda, duka la Palencia halitakuwa nacho. Kwa cheni tumia kilainishi cha nta, kwani mafuta mazito yakichanganyika na vumbi la Castilla yanakuwa msasa.

Mbigili

Adui wa tairi huku anafahamika kwa yeyote aliyeendesha kwenye nyanda kame za Dodoma: mbigili, mmea uleule, *Tribulus terrestris*. Wahispania huuita *abrojo*. Vijiba vyake hukomaa mwishoni mwa kiangazi, hivyo pancha huzidi kuanzia Agosti hadi Oktoba. Hujificha kwenye magugu ya pembeni, hasa penye kuingilia vijijini na mahali watu wanapoegesha. Baiskeli ibebe, usiikokote kwenye majani.

Kama matairi yako hayana tyubu, weka takriban mililita 60 za dawa ya kuziba kwa kila tairi na ubebe nyingine akiba, maana hewa kavu huikausha upesi. Ukiona mwiba, usiuchomoe kwa hasira. Zungusha gurudumu hadi tundu liwe chini, uchomoe, uache dawa itiririkie hapo kwa dakika moja.

Mwenye tyubu afanye hivi. Kabla ya safari, funga tairi ili nembo yake iwe sawa na vali. Pancha ikitokea, ukilipata tundu kwenye tyubu utajua mahali pa kutazama kwenye tairi. Toa tyubu, ijaze, isogeze karibu na midomo, ambayo huhisi upepo mdogo vizuri kuliko vidole. Usiridhike na tundu moja, kwani mbigili huja wawili watatu. Kisha pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima; kitanasa kwenye ncha. Kidole kitanasa pia, ila utaona damu. Ncha iliyokatikia ndani ya mpira isukume kutoka ndani kwenda nje, na hapa pini ndogo inafaa kuliko kisu. Kwangua tyubu kwa msasa, paka solesheni pana kuliko kiraka, halafu ngoja hadi ikauke isinate kidoleni, dakika tano hivi. Kiraka kilichobandikwa juu ya gundi mbichi huachia njia nzima, na kosa hili lina pancha nyingi kuliko mbigili wenyewe.

Kufika Alar

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen: ada ya euro 90 kwa mtu mzima, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na maombi yawasilishwe kati ya miezi sita na siku 15 kabla ya safari. Ubalozi hutaka kuona utalala wapi, nawe unalala mahali papya kila usiku, kwa hiyo weka vyumba vinavyoweza kufutwa bure. Chukua pia adapta ya plagi ya pini mbili za mviringo. Umeme ni volti 230 kama nyumbani.

Kutoka Madrid, treni za kasi za Renfe, shirika la reli la Uhispania, hupokea baiskeli iliyofungashwa tu, kifurushi kisichozidi sentimita 120 kwa 90 kwa 40, pedeli zimetolewa. Treni za Media Distancia, yaani za masafa ya kati, zinazopitia Ávila kwenda Valladolid hukubali baiskeli nzima. Huko Valladolid unabadilisha, unapanda ya kwenda Santander, unashuka Alar del Rey. Nafasi za baiskeli ni chache kwa kila treni na hukatwa pamoja na tiketi. Anayesubiri kununua langoni hubaki. Kagua pia kama siku hiyo hakuna matengenezo ya reli, kwani basi la badala huenda lisichukue baiskeli.

Siku ya kwanza na ya pili: mfereji

Alar hadi Frómista ni karibu kilomita 60. Nunua chakula Herrera de Pisuerga, baada ya kilomita 11 hivi, kwa sababu mbele ni vijiji vidogo ambavyo baa moja ikifunga, kijiji kizima kimefunga. Njia ni kokoto na udongo, mara nyingi michirizi miwili yenye nyasi katikati. Karibu na Melgar de Fernamental mfereji unavuka juu ya mto kwa daraja la mawe la Abánades: mto chini, mfereji juu, nawe pembeni. Madarajani punguza mwendo. Njia hupita chini ya tao lililo chini, mbele huoni, na upande wa pili anaweza kuwepo mvuvi na ndoo yake.

Tangu Boadilla del Camino utachanganyika na mahujaji wanaotembea kwenda Santiago de Compostela. Piga kengele mapema, useme *buenos días*, upite polepole. Kuingia Frómista kuna malango manne ya maji, ya kupandisha na kushusha mashua, yaliyopangwa kama ngazi, na njia ya pembeni inashuka kwa mkupuo. Shuka umeketi nyuma na breki zote mbili, kwani kokoto pale ni legevu. Kanisa la San Martín, lenye asili ya mwaka 1066, lina vichwa zaidi ya 300 vilivyochongwa chini ya paa. Pita jioni jua likiwa upande. Ukiwa na nusu siku ya ziada, barabara ya P-980 inakupeleka Villalcázar de Sirga na Carrión de los Condes, kilomita 20 kwenda, lami nzuri, magari machache.

Frómista hadi Palencia ni karibu 50. Calahorra de Ribas, baada ya kilomita 17 hivi, ndipo kazi ya mfereji ilipoanza 1753. Panapotatanisha ni El Serrón, karibu na Grijota, mfereji unapogawanyika: tawi moja linakwenda Palencia na Valladolid, jingine Medina de Rioseco. Leo shika la kushoto. Kesho utarudi hapahapa kushika la kulia, na usichukie kurudia njia, maana Palencia ndio mji pekee katikati ya safari wenye mafundi wa baiskeli na maduka makubwa. Kanisa kuu lake halina umati, na chini yake kuna chumba cha kale cha enzi za Wavisigothi, watawala wa Uhispania kabla ya Waarabu.

Siku ya tatu: pasipo kivuli

Kutoka El Serrón hadi Medina de Rioseco miti inapungua na upepo unatawala. Kilomita 60 na ushee, lita tatu za maji tangu mwanzo. Mabaharia wa pwani watakuwa na faida hapa: tazama upepo unatoka wapi, uvuke darajani kwenda ukingo wa demani, yaani ule ambao miti na tuta vinakukinga, na uachane na ukingo wa joshi hata kama njia yake ni laini zaidi. Kubadilisha ukingo mara tatu nne kwa siku ni kawaida. Ukiwa kwenye kundi, pokezaneni mbele kila dakika tano, kabla aliye mbele hajachoka.

Villaumbrales kuna makumbusho ya mfereji ndani ya Casa del Rey. Mbele yake, karibu na Fuentes de Nava, ni ziwa la La Nava, lililokaushwa kwa ajili ya kilimo na kurudishiwa maji tangu 1990. Ndege ni wengi, na mbu pia. Mashambani utaona minara ya udongo, mviringo au mraba, isiyo na madirisha. Ni nyumba za njiwa, nyingi zinaporomoka. Mfereji unakwisha Rioseco, kwenye bwawa lake lenye kinu cha unga. Mtaa mkuu una baraza ndefu zilizoshikiliwa na nguzo za mbao, na makanisa manne makubwa kupita mji wenyewe, mali ya enzi za masoko.

Mvua ikinyesha siku hii, achana na njia ya udongo mara moja. Udongo wa mfinyanzi wa Tierra de Campos, jina la nyanda hizi, hushika tairi, hujaza nafasi ya foki na madigadi, na baada ya mita 50 gurudumu halizunguki. Anayekanyaga kwa nguvu hapo hukivunja kile kipande cha alumini. Shuka, beba baiskeli hadi kwenye lami, kwangua kwa kijiti tope likiwa bichi, kisha umwagie maji magurudumu, breki na cheni tu. Halafu endelea kwa barabara ndogo ambazo namba zake zinaanza na VA au P. Saa chache za jua na upepo hukausha juu, ila penye kivuli tope hukaa siku mbili.

Siku ya nne na ya tano: lami

Rioseco hadi Tordesillas ni zaidi kidogo ya 60 kwa barabara ndogo, kupitia Urueña, mji uliozungukwa na ukuta ulio ukingoni mwa uwanda wa Torozos. Kupanda kwake ni kama mita 100, hakuna kivuli. Urueña ilitangazwa mji wa vitabu mwaka 2007, na ina maduka ya vitabu mengi kuliko ambavyo wakazi wake wachache wangehitaji.

Tordesillas ina deni na pwani yetu. Hapa, tarehe 7 Juni 1494, Castilla na Ureno zilitia sahihi mkataba wa kugawana bahari. Sehemu ya mashariki ikawa ya Wareno, na miaka minne baadaye Vasco da Gama alitia nanga Mombasa na Malindi. Nyumba za mkataba bado zipo juu ya mto Duero, na kuingia kutazama ramani zake hakuchukui saa moja.

Mwisho ni kilomita 30 kupitia Simancas, ambako ngome imetunza kumbukumbu za taifa tangu karne ya 16. Barabara kuu ya A-62 iache hata kama ramani ya simu inakushauri uipite.

Kula, kulala, na mengineyo

Maduka hufungwa saa nane hadi saa kumi na moja, na Jumapili kutwa. Beba mlo mmoja wa akiba daima. *Menú del día*, mlo wa mchana wa bei moja, kwa euro 12 hadi 16, hutolewa saa nane hadi saa kumi. Chakula cha usiku hakianzi kabla ya saa tatu, na anayefika jikoni saa moja jioni hupewa mkate na mizeituni. Kwa Mwislamu, tahadhari ni moja: nguruwe hufichwa. Dengu huja na *chorizo*, soseji ya nguruwe, supu ya vitunguu saumu huja na *jamón*, paja la nguruwe lililokaushwa, biskuti hukandwa kwa *manteca*, mafuta ya nguruwe. Sema *sin cerdo* (bila nguruwe), kisha uulize *¿lleva jamón?* (kina jamón?), maana wapishi wengine hawaihesabu *jamón* kuwa nyama. *Tortilla de patatas* (mayai ya kukaanga na viazi), jibini, samaki na dengu za makopo zisizo na nyama vitakufikisha.

Bomba la kijiji lenye maandishi *agua no potable* ni la kunawia. Maji ya mfereji usiyanywe hata yakichemshwa. Yamepita mashambani yenye dawa.

Frómista kuna hosteli za mahujaji, ila anayetembea hupewa kitanda kwanza. Kwingine tafuta *hostal*, nyumba ndogo ya wageni, na kabla ya kulipa uliza baiskeli italala wapi. Kutandika hema ovyo hakuruhusiwi, na moto kiangazi ni kesi.

Kofia ngumu ni lazima nje ya miji. Usivae vipokea sauti. Gari linalokupita linatakiwa likuachie mita 1.5. Kuanzia Oktoba hadi Januari wawindaji wako mashambani, hasa Jumapili, kwa hiyo vaa rangi kali. Ukikutana na kundi la kondoo, tarajia mbwa mkubwa aina ya *mastín*. Usikimbie: shuka, weka baiskeli kati yako naye, tembea pole ukizunguka kundi kwa mbali, ukizungumza kwa sauti ya kawaida. Anakufukuza kondooni tu, na ukishapita mpaka wake anaona huna thamani. Dharura yoyote, piga 112.

Ukirudi Madrid kwa treni ya kasi, omba boksi kuukuu kwenye duka la baiskeli Valladolid siku moja kabla. Pedeli ya kulia hufunguka kwa kuzungusha kinyume na mshale wa saa, ya kushoto kwa kufuata mshale wa saa. Anayesahau hili huikaza ya kushoto hadi spana inapinda, na treni haimsubiri.